Kabla ya Kununua Bunduki ya Sindano

Swali ni lile lile. Linatoka Lubunga ng'ambo ya mto, linatoka barabara ya Buta, linatoka kwa mwenye ng'ombe watano na kwa mwenye arobaini: "Nimeona kwenye simu watu wanamdunga ng'ombe dawa kwa bunduki akiwa malishoni, hata kamba hawamfungi. Na sisi tuipate wapi?"

Ninaelewa linakotoka. Ng'ombe wengi wanaofika huku wametembezwa kwa miguu kutoka Ituri, kupitia Mambasa, Nia-Nia na Bafwasende. Wamechapwa njia nzima, na wakimwona mtu mwenye kamba wanaingia kichakani. Mbung'o nao hawapumziki. Mwenye mali anasimama na sashe ya dawa mkononi, mgonjwa wake yuko mita hamsini mbele anamtazama, na kila hatua moja ya mtu ni hatua tatu za ng'ombe.

Basi nawajibu wote kwa pamoja, na nawajibu wazi: wengi wenu msinunue. Jengeni korido, njia nyembamba ya mbao ya kumsimamishia ng'ombe. Nitasema kwa nini, nitaonyesha namna ya kuijenga, na kwa wale wachache wenye haja ya kweli ya bunduki hiyo nitaandika hatua za kuitumia bila kumuumiza mnyama wala mtu.

## Kifaa chenyewe

Ni mtutu unaorusha mshale kwa nguvu ya gesi au hewa iliyobanwa. Aina nyingine hutumia fataki ya baruti isiyo na risasi. Mshale wenyewe ndio sindano: mbele ncha, katikati tumbo la dawa, nyuma mkia wa kuunyoosha njiani. Ukigonga ngozi, kuna msukumo nyuma ya dawa unaoiingiza mwilini kwa mara moja.

Colin Murdoch, mfamasia na daktari wa mifugo wa Timaru, New Zealand, ndiye aliyeibuni miaka ya 1950, na aliowafikiria ni wanyama wa porini. Hata leo huko ndiko inakofaa zaidi. Twiga wa Garamba, huko Haut-Uele, hulazwa kwa mshale ndipo wavalishwe vifaa vya kufuatilia nyendo zao, kwa kuwa twiga hana njia nyingine ya kukaribiwa. Ng'ombe anayo.

## Hesabu ya dawa inakataa

Hapa ndipo nataka msome polepole, maana ndipo watu wanapopoteza fedha na ng'ombe pamoja.

Chukua sashe mnayoijua, ile ya unga wa njano wa diminazene kwa ajili ya nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o: gramu 2.36, ambamo dawa halisi ni gramu 1.05. Ukiichanganya na mililita 12.5 za maji safi unapata karibu mililita 15. Hiyo ni dozi ya ng'ombe mmoja wa kilo 300, miligramu 3.5 kwa kila kilo ya uzito. Mshale mkubwa wa kawaida hubeba mililita 10. Theluthi nzima ya dozi imebaki nje.

Angalia na dawa nyingine kwa ng'ombe huyo huyo wa kilo 300:

- Oxytetracycline ya asilimia 20: mililita 1 kwa kila kilo 10, yaani mililita 30. Ni mishale mitatu, na baada ya wa kwanza mnyama hatakusubiri umpige wa pili.
- Ivermectin ya asilimia 1: mililita 6. Inaenea kwenye mshale. Lakini dawa hii hudungwa chini ya ngozi, na mshale unapiga moja kwa moja hadi kwenye msuli.
- Isometamidium iliyochanganywa kwa asilimia 2: kwa miligramu 0.5 kwa kilo ni mililita 7.5. Nayo inaenea. Lakini hii inataka kina cha msuli. Ikivujia chini ya ngozi, huvimbisha mahali hapo na hata kuozesha nyama. Mshale uliopiga kwa upande hauna kina.

Utaniambia, "Nusu dozi si bora kuliko kukosa kabisa?" Hapana. Nusu dozi ya nagana huua vimelea dhaifu na kuwaacha wenye nguvu, nao ndio wanaozaana. Mwaka unaofuata utamdunga ng'ombe wako sashe nzima na hatapona, na jirani yako pia atadunga na wake hatapona, kwa sababu mbung'o hajui mpaka wa shamba.

Hata mshale ukipiga sawasawa, huna hakika ya kilichoingia. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya ndama waliopewa dawa ya mapafu, tulathromycin. Baadhi kwa mshale, baadhi kwa sindano ya mkono. Waliopigwa mshale walikuwa na dawa kidogo zaidi mwilini, na dalili zaidi za msongo na uvimbe mahali pa kuchomwa. Na watafiti hao walikuwa watu wenye vipimo, kwenye zizi zuri.

Mimi mwenyewe niliwahi kuuokota mshale chini ya mchikichi, kwenye shamba moja barabara ya Buta, siku ya pili baada ya ng'ombe "kutibiwa". Niliutikisa karibu na sikio, nikasikia maji yanacheza. Niliufungua juu ya jani la mgomba: dawa yote ilikuwamo, njano, haijapungua tone. Mshale ulikuwa umegonga na kuanguka bila kusukuma kitu, na mchungaji alikuwa amekwisha kuandika kwenye daftari kwamba ng'ombe amepata dozi.

## Kile ambacho mkono unaona

Bunduki inakupa umbali, na umbali ndio unaokunyima uchunguzi. Ng'ombe akiwa amesimama mbele yako kwenye korido, kwa dakika tatu unafanya haya:

- Unampima joto. La kawaida ni kati ya nyuzi 38 na 39.3, likivuka 39.5 asubuhi kabla ya jua kali, ana jambo.
- Unavuta kope la chini kwa kidole gumba. Kwa ng'ombe mzima nyama ile ya ndani ni ya waridi iliyokolea. Kwa mwenye nagana ya siku nyingi imefifia kama maji ya kuoshea mchele.
- Unapapasa tezi mbele ya bega. Unatazama kupe ndani ya masikio na chini ya mkia.
- Unampima uzito kwa utepe wa fundi cherehani.

Hilo la uzito, nalieleza mara moja na mlitunze. Pima mzunguko wa kifua nyuma tu ya miguu ya mbele, kwa sentimita. Pima urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa kalio. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, kisha kwa urefu, halafu gawanya kwa 10,840. Kifua 150, urefu 125: jibu ni karibu kilo 260. Anayekisia kwa macho mara nyingi hukosea, na hasara ya kukisia inaangukia kwenye dozi.

Malishoni, mshale mkononi, hayo yote huyajui. Unatibu ugonjwa uliouota.

## "Lakini ng'ombe wangu ni wakali"

Ni wakali kwa sababu kila walipokamatwa waliumizwa. Korido huwafundisha upya, na haihitaji saruji wala chuma.

1. Chagua mahali palipoinuka, pasipotuama maji ya mvua, karibu na zizi wanalolala. Mvua zetu hazina msimu wa kuaminika. Korido ya matope ni korido ya kuvunja miguu.
2. Nguzo ziwe za mti mgumu, limbali au kambala ukipata, urefu mita 2.2, sentimita 60 ziwe ndani ya udongo. Choma sehemu ya chini kwa moto hadi ngozi ya mti iwe nyeusi, au ipake oili chafu, mchwa wakawie.
3. Upana wa ndani uwe sentimita 60 hadi 70 kwa ng'ombe wetu wa Ituri. Hapa ndipo wengi hukosea: wanaipanua kwa huruma, kisha ng'ombe anageuka ndani na kumbana mtu.
4. Urefu hesabu mita 1.5 kwa kila mnyama. Kwa wanne, mita 6 zinatosha.
5. Mbao za pembeni zipigiliwe upande wa ndani wa nguzo, misumari isitokeze popote. Pitisha kiganja chako ndani yote. Kinachochubua kiganja kitachubua ubavu.
6. Mdomo wa kuingilia uwe kama faneli, mpana kutoka zizini na kusinyaa taratibu.
7. Mti wa kufunga nyuma: kila mnyama akishaingia, pitisha gogo nyuma ya mapaja yake. Usisimame kamwe nyuma ya ng'ombe ambaye gogo lake halijapita.

Ukimaliza kujenga, usimdunge ng'ombe yeyote wa zizi wiki ya kwanza. Weka chumvi na maganda ya ndizi mwisho wa korido na uache milango yote wazi. Wapite wale, watoke. Wiki ya pili funga gogo kidogo, wakune mgongo, fungua. Sindano iingie siku ambayo wanaingia wenyewe wakifuata chumvi. Nimewaona ng'ombe waliokuwa wakiruka ua wakisimama humo wanacheua.

Mwenye ng'ombe wawili hana haja ya korido: kamba ya kichwani na mti imara vinatosha, mradi umfunge kichwa kifupi na mtu mwingine ashike.

## Kudunga kwa mkono, kwa kifupi

Dunga shingoni, kwenye ile pembetatu iliyo mbele ya bega: chini ya ukano wa juu wa shingo, juu ya mfupa wa shingo. Si kwenye paja, hata kama babu alidunga hapo. Paja ndiyo nyama ghali na kuna mshipa wa fahamu unaoweza kumlemaza. Isizidi mililita 10 mahali pamoja, zaidi ya hapo gawanya na uhame upana wa kiganja. Sindano iliyopinda itupwe, isinyooshwe. Na usiirudishe ndani ya chupa sindano iliyotoka kwa mnyama.

Diminazene iliyochanganywa itumike siku hiyo hiyo. Maji yawe yamechemshwa na kupoa, si ya mtoni.

## Nani basi ana haja ya kweli

Nawataja, maana wapo:

- Mwenye fahali aliyeingia msituni miezi kadhaa, ambaye sasa hapatikani tena kwa chumvi.
- Mwenye malisho makubwa na mgonjwa mmoja mbali, ambaye kumtembeza kutamuua kabla hajafika.
- Daktari wa mifugo anayehitaji kumlaza mnyama aliyekwisha kujeruhi watu.

Hata hao, ushauri wangu ni kumwita mwenye kifaa na ujuzi, si kununua. Anzia kwenye ofisi ya mifugo ya mkoa. Uliza pia taasisi za kilimo: IFA-Yangambi hapa mjini, na ISEA kama uko upande wa Bengamisa. Fikiria vilevile kwamba mitungi ya gesi, mishale na ncha zake vyote vinatoka mbali, na unyevu wa mkoa wetu wa Tshopo huharibu fataki na mipira ya kuzuia hewa. Ikikosekana ncha moja, kazi imesimama.

## Ukilazimika: hatua

Siku kadhaa kabla. Jaza mishale maji na uirushe kwenye shina la mgomba, kwa umbali uliopimwa kwa hatua: mita 10, 15, 20. Shina la mgomba ni laini na linakuonyesha ukweli. Ncha tu ndiyo iingie. Kama na tumbo la mshale limezama, nguvu ni kubwa mno, na kwa ng'ombe ingevunja mfupa au kutoboa hadi ndani. Andika kila umbali na nguvu yake. Usivuke umbali ambao mishale mitano mfululizo yote ilipiga ndani ya duara la sahani.

Siku yenyewe:

- Hakikisha na daktari kwamba dozi nzima inaenea kwenye mshale mmoja na kwamba dawa ni ya msuli.
- Tumia ncha isiyo na mwiba wa kuzuia, ianguke yenyewe. Ncha yenye mwiba ni ya kulaza wanyama, si ya kutibu.
- Msubiri asimame ubavu, ametulia, kichwa chini anakula. Lenga ile ile pembetatu ya shingo.
- Nyuma yake pasiwe na mtu, ng'ombe mwingine, njia ya watu wala nyumba.
- Mtu mmoja anapiga. Wa pili hana kazi nyingine ila kuufuata mshale kwa macho hadi uanguke.

Baada ya kupiga. Utafuteni mshale kabla ya jambo lolote. Kwenye matete marefu usiupapase kwa mikono mitupu. Yafungue majani kwa fimbo, shada kwa shada. Ukiupata, angalia vitu viwili: je, tumbo ni tupu, na je, ncha ni nzima? Mishale iliyotoka nyumbani minne irudi minne. Mtoto akiuokota kesho njiani kwenda mtoni, hatajua ni nini, na ataanza kwa kuubonyeza.

## Makosa ninayoyasikia mara kwa mara

Kumpiga anayekimbia. Kumpiga ndama au ng'ombe aliyebaki mifupa, ambao hawana msuli wa kuupokea mshale. Kumpiga wakati amegeuza uso, hata jicho likapotea. Kurudia kwa sababu "nadhani haikuingia", bila kuupata mshale wa kwanza. Dozi mbili za diminazene si mchezo, dawa hiyo ikizidi hugusa ubongo. Kuchanganya dawa mbili kwenye mshale mmoja ili kuokoa ncha. Na kupiga jioni, giza linakaribia, mshale ukalala porini usiku kucha.

## Dawa ambazo haziingii kwenye mshale wako

Tilmicosin ni dawa nzuri ya mapafu ya ng'ombe na ni sumu ya moyo kwa binadamu. Imeshaua wafugaji waliojichoma kwa bahati mbaya, na haina dawa ya kuitengua. Isiwekwe kwenye kitu chochote kinachojisukuma chenyewe.

Etorphine inayotumika kwa tembo na vifaru: ikiwa mtu anakuuzia sokoni, ondoka. Kiasi kidogo sana kinaweza kumsimamisha mtu kupumua.

Xylazine ya kulaza, ni kazi ya daktari peke yake. Ng'ombe anaisikia kwa nguvu kuliko farasi, karibu mara kumi. Akilazwa kwa ubavu hujaa gesi, au chakula kinarudi na kuingia mapafuni. Lazima ashikiliwe kifua chini, kichwa juu kidogo, mdomo ukielekea chini. Mwenye mimba kubwa anaweza kuitoa. Na mnyama aliyepigwa karibu na maji hukimbilia maji. Akifika kwenye ukingo wa mto na usingizi ukamshika hapo, hutampata.

## Njiani na kitu chenye umbo la bunduki

Silaha na risasi nchini mwetu ziko chini ya amri-sheria ya 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985. Kabla ya kuagiza chochote kinachorusha kwa gesi au baruti, nenda uliza kwa wenye mamlaka, pata karatasi yenye muhuri, na itembee pamoja na kifaa. Usiseme "ni ya ng'ombe tu". Mji huu ulipigwa mabomu siku sita mwezi wa Juni 2000, majeshi mawili ya kigeni yakipigana juu ya vichwa vyetu. Kuna watu wa mitaa ya Makiso na Tshopo ambao mpaka leo wakiona mtutu miguu inalegea. Usiubebe juu ya baiskeli ya toleka, umefungwa kwenye gunia, ukifika kwenye kizuizi cha barabarani uanze kujieleza. Askari hana namna ya kujua, na jirani yako pia hana.

## Ncha ikikatikia ndani

Hili nalisisitiza kuliko yote niliyosema kuhusu kutumia bunduki hii. Mshale ukirudi bila ncha, ncha iko nyamani. Usiichokoe kwa kisu.

- Mwite daktari siku hiyo. Mara nyingine huipata ikiwa bado karibu na ngozi.
- Isipopatikana, mtie mnyama alama isiyofutika, ya sikioni, na uandike daftarini tarehe, dawa, na upande wa shingo.
- Mnyama huyo asiuzwe akiwa hai kwa mtu asiyejua. Ncha huhama ndani ya msuli, haikai pale ilipoingilia.
- Hesabu siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kibandiko cha dawa kabla ya kuchinja. Kwa oxytetracycline ya asilimia 20, vibandiko vingi husema kati ya wiki tatu na tano.

Siku ya kuchinja nenda wewe mwenyewe, usimtume mchungaji. Mwonyeshe mchinjaji alama ya sikio na ukurasa wa daftari, na simama hapo hadi shingo ya upande ule imetengwa, imekatwa vipande vyembamba na kukaguliwa kidole kwa kidole. Ncha isipoonekana, shingo hiyo yote izikwe, isiende kwenye meza ya soko.